Sinia Mbele ya Kamera

"Karibu, mwananchi," alisema Msomaji kwa sauti ya msichana aliyeshiba usingizi. "Weka ushahidi wako kwenye kioo."

Mzee Chengula aliifuta kadi ya kamera kwenye shati, upande usio na jasho, akaiweka. Kadi yenyewe ukubwa wa ukucha. Miaka kumi na moja ameitembeza katika ofisi za Mamlaka ya Bonde, imefungwa kwenye kitambaa, na kila mwaka ofisi zinazidi kupakwa rangi huku watu ndani yake wakizidi kupungua. Hii ya leo ilikuwa na madirisha sita. Matano hayakuwa na mtu. La sita lilikuwa na Msomaji, na karani mmoja ambaye kazi yake, kwa jinsi Chengula alivyoona, ilikuwa kumfuta Msomaji vumbi.

"Fomati haitambuliki," alisema Msomaji. "Fomati hii imestaafishwa. Mamlaka inakushukuru kwa uvumilivu wako."

"Hata mimi nimestaafishwa," Chengula alijibu, "lakini mtu akinisalimia nafunguka."

Karani alicheka. "Mzee, unagombana na ukuta."

"Ukuta haulishwi umeme. Huyu mnamlisha."

"Basi sikiliza." Karani aliacha kucheka. "Ijumaa Baraza linafunga jalada la mafuriko. Picha ikifunguka Jumamosi haina pa kwenda. Orodha itabaki hivyo hivyo."

Chengula hakuhitaji kuitazama. Ilitundikwa ukutani nyuma ya karani, kwa herufi kubwa: WALIOKAIDI ONYO. Majina kumi na manne. La tisa lilikuwa Veridiana Mlowe, mrusha droni. Mke wake. Mamlaka ilisema king'ora kililia, ndipo malango ya bwawa la Lukwale yakafunguliwa, na hao kumi na wanne wakakaidi wakafa. Chengula alisema king'ora hakikulia kabla ya maji. Yeye alikuwa palepale, kwenye kibanda cha kuchajia betri juu ya kilima, na masikio yake yalikuwa mazima.

Lakini neno lake lingesimama wapi? Tangu mwaka ule wa picha za uongo, ulipotungwa mkanda wa vita ambayo haikupiganwa na watu wakauana kweli kwa ajili yake, sheria ilikuwa moja. Neno la mtu halikubaliki barazani bila picha, na picha haikubaliki bila kupita kwa Msomaji. Na Msomaji, mashine ile, alifundishwa fomati za juzi. Wakubwa walipomnunua, hakuna aliyeuliza za zamani zitakwenda wapi. Wao hawakuwa na marehemu kwenye za zamani.

Karani alitazama madirisha matano yasiyo na mtu, kisha akainama. "Kuna binti anaitwa Tumpe, nyuma ya soko la nyanya. Anahariri mikanda ya harusi. Mashine yake haijaunganishwa popote, ndiyo maana haijasahau vya zamani. Mimi sijakwambia kitu."

Chengula akaichukua kadi yake. Hakuwahi kumshukuru mtu wa ofisi tangu amzike mkewe. "Asante," alisema, kwa ukali, akatoka kabla hajaombwa kurudia.

*

Chumba cha Tumpe kilibandikwa picha za maharusi mpaka darini, na yeye mwenyewe alikuwa anatafuna karanga huku akimpunguza tumbo bwana harusi kwenye skrini.

"Shikamoo, mzee wangu. Ni ndoa ya mtoto au kipaimara?"

"Marahaba. Ni mazishi."

Tumpe aliacha kutafuna. Akaipokea kadi, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ni ya zile droni za njano za ushirika. Za kupulizia dawa mashamba ya mpunga."

"Mke wangu ndiye alikuwa anairusha. Mimi nilikuwa nachaji betri. Siku ya mafuriko ilitua yenyewe juu ya paa la kinu. Yeye hakutua."

"Pole, baba." Aliisukuma kadi ndani ya mashine ya zamani, nene, iliyokuwa inanguruma. "Msomaji amekuambia haitambuliki, si ndiyo? Faili ni kama gunia. Nje pameandikwa kitu. Yeye anasoma maandishi ya nje, asipoyajua anakataa, hafungui mdomo wa gunia kutia mkono. Mimi natia mkono."

"Na wakijua kwamba unatia mkono?"

"Watanifungia. Lakini hao hao wakubwa wakitaka kuona harusi zao za zamani, wanakuja hapa kwa mlango wa nyuma."

Picha ikafunguka. Chengula alishika ukingo wa meza. Mbingu ilikuwa ya waridi, mpunga mweusi, na katikati alisimama mwanamke mwenye uso wa kijani, kijani cha ukungu wa mkate, ameinua kitu cha duara mbele ya kamera.

"Usiogope, ni rangi tu," Tumpe aliharakisha kusema. "Kamera zile zilirekodi picha iliyopauka makusudi, rangi zinarudishwa baadaye kwa jedwali maalumu. Jedwali lilikaa kwa kampuni, na kampuni ilishakufa. Mrushaji aliyesomea kazi alikuwa anaanza kwa kuonyesha kadi ya rangi. Ukijua kadi ilikuwa na rangi gani, unazirudisha zote. Sasa huyu ameonyesha nini? Ungo?"

"Sinia. Ushirika uliahidiwa hizo kadi za rangi, zikakwama kwa wakubwa. Yeye akachukua sinia letu la maua. Kila akitaka kurusha analionyesha kamera, halafu analigonga kwa upawa mara tatu."

"Analigonga!" Tumpe aliruka kwenye kiti. "Ili sauti na picha zikutane. Droni hainasi sauti, sauti ilinaswa na rimoti ikatumwa kwenye kadi hii hii kando ya picha, lazima uzifunge pamoja mahali. Nani alimfundisha?"

"Nani wa kumfundisha? Alifikiri."

"Baba, hilo sinia lilikwenda na maji?"

"Lilikutwa siku tatu baadaye limenasa kwenye senyenge. Asubuhi nimekula mihogo juu yake."

Alikwenda kulichukua na kurudi, jasho linamtiririka, sinia chini ya kwapa. Lilikuwa limebonyeabonyea katikati, lakini maua yalikuwepo. Tumpe alilisugua, akaliweka chini ya taa, akaanza kulipima: weupe wa sinia lenyewe, wekundu wa waridi, kijani cha majani, ukingo wa buluu. Kila alipoingiza rangi moja, picha ilishtuka na kukaa sawa. Kwanza ulirudi mpunga. Kisha mbingu. Mwisho kabisa uso wa Veridiana ukawa weusi wake wenyewe wa kung'aa, na jasho dogo juu ya mdomo, pale ambapo jasho lake lilikuwa linaanzia siku zote.

"Huyo," Chengula alisema. "Huyo ndiye." Akavuta kiti akakaa karibu na skrini. "Asante, mwanangu. Mungu akupe."

Tumpe aliifungasha picha ndani ya gunia jipya, kama alivyoliita, lile ambalo Msomaji analijua, akaijaribu kwenye nakala ya Msomaji iliyo kwenye simu ya kila mtu. Sinia likagongwa mara tatu, sauti na mkono pamoja. Droni ikapaa. Mashamba yakatandaa, watu wadogo wadogo ndani yake wakiamia ndege kwa makopo na matambara. Dakika ya kumi na mbili maji yakaingia kutoka kushoto, ya kahawia, bila haraka, yakala tuta moja, yakala la pili. Dakika ya kumi na tatu king'ora kikalia.

Chengula alipiga meza hadi karanga zikaruka. "Umesikia? Maji kwanza, king'ora baadaye! Nilisema! Yule Mhavile, mlinzi wa lango, alilala. Alipuliza watu wameshakufa, ili aandike kwamba amepuliza. Miaka kumi na moja nawaambia!"

Alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Ilimchukua muda kuona kwamba Tumpe hacheki.

"Baba, turudi nyuma kidogo. Dakika ya tisa. Tazama uwanja wa kuanikia mpunga."

Kamera ilikuwa imesimama juu. Chini kabisa, Veridiana alikuwa amelishika sinia kwa mkono mmoja na kwa mwingine analipiga kwa upawa, siyo mara tatu, bali mfululizo, mkono mzima kutoka begani.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo shida yangu. Sinia linapigwa, halilii."

Alimweleza polepole, na Chengula, ambaye shule aliiacha darasa la pili, alielewa vizuri kuliko alivyopenda. Kamera ile ikipata joto ilikuwa inaruka fremu. Asubuhi ilipiga picha thelathini kwa sekunde, jua likikolea ikapiga ishirini, kumi na tano. Programu ya zamani ilijua, kwa sababu kila picha ilibeba saa yake pembeni. Msomaji hazitazami saa hizo. Yeye kila mkanda anaugawia thelathini, sawa kwa wote, kama wakubwa wagawavyo.

"Kwa hiyo picha zinakimbia, sauti inatembea," Tumpe alisema. "Wameanza pamoja pale kwenye sinia, mwisho wameachana dakika sita."

"Irekebishe."

"Una hakika?"

"Binti, irekebishe."

Mashine ya zamani ikanguruma. Safari hii king'ora kilipolia mashamba yalikuwa makavu. Veridiana aliinua kichwa. Akaliokota sinia akalipiga, na sinia likalia, kali, hadi ndani ya chumba cha maharusi. Sauti yake ikasikika kwenye kinasa cha rimoti, inahema: "Pandeni! Pandeni kilimani!" Kisha, kwa nguvu, akigeukia juu: "Chengula! Zima hilo jenereta, watu hawasikii!"

Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, jenereta la kuchajia betri liliendelea kuwaka.

Hakuita mara ya pili. Aliweka sinia chini, akashika rimoti, na picha ikaanguka kutoka juu hadi usawa wa vichwa vya watu. Droni ikawafukuza. Ikawapitia mgongoni, ikazunguka, ikawarudia waliosimama kushangaa, ikawasukuma tuta kwa tuta kuelekea kilimani. Mjini mpaka leo watu wanasimulia hilo na kucheka, kwamba siku ile hata droni ya ushirika ilipagawa ikataka kukata watu masikio. Chengula mwenyewe aliwahi kuomba radhi kwa ajili yake, maana betri alichaji yeye. Na droni zile hazikuweza kwenda mbali na rimoti. Ili iwafikie watu wa mwisho, aliyeishika alipaswa kubaki uwanjani.

"Twende, mama, twende," Veridiana aliiambia droni yake.

Maji yalifika dakika ya kumi na nane. Tangu king'ora, dakika tano. Uwanja wa kuanikia na njia ya kilimani vilitenganishwa na mwendo wa dakika mbili.

Tumpe aliwahesabu waliopanda. Akahesabu tena. "Thelathini na mmoja."

Kisha Tumpe akaweka kadi mbili mezani, moja ameifunga uzi mwekundu.

"Yenye uzi ni ya Msomaji. Itapokelewa bila swali. Inasema maji yalitangulia, kwa hiyo mama hakuonywa, kwa hiyo hakukaidi, jina linafutwa. Hii nyingine imetoka kwenye mashine isiyo na kibali. Wanaweza kuikataa. Na wakiikubali, inasema alionywa mapema akabaki."

"Ya kwanza ni uongo wa mashine yao wenyewe. Sikuutengeneza mimi."

"Hukuutengeneza."

"Na mlinzi wa lango atabaki aliyelala."

"Atabaki."

"Wewe ungepeleka ipi?"

"Mimi nahariri harusi, baba. Nimewahi kuondoa mashangazi waliotupiana pilau. Hili siliwezi."

*

Alhamisi Chengula alipiga hodi mahali ambapo kwa miaka kumi na moja alikuwa akitema mate akipita. Mhavile alikuwa anafungua pampu ya maji, mikono imejaa grisi. Alimtazama mgeni wake, kisha barabara nyuma yake, kama anayetafuta waliomsindikiza.

"Karibu," alisema mwishowe, akafuta kigoda.

Chengula hakukaa. "King'ora kililia saa ngapi?"

"Ndiyo unauliza leo?"

"Nimeuliza."

Mhavile aliweka spana chini. "Kililia kabla sijapewa ruhusa. Nilipiga simu, wakaniambia subiri, mkurugenzi yuko kikaoni, tusitie watu hofu bure. Malango yalikuwa ya kufunguliwa kidogo kidogo tangu wiki iliyotangulia, wakachelewa, sasa wanafungua yote kwa mpigo. Nikayatazama maji. Nikaitazama simu. Nikabonyeza."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Hawakuandika. Wangeandika kwamba nilibonyeza bila ruhusa, ingebidi waandike na nani alinizuia. Wakanifukuza kimya kimya. Na huku mtaani, kwa mdomo wako, mimi ndiye niliyelala watu wakafa. Wanangu walipigwa shuleni, Chengula."

Kuku alipita kati yao. Chengula alimfuata kwa macho mpaka alipoingia uani.

"Jenereta lilikuwa linawaka," alisema.

"Nini?"

"Kwenye kibanda. Lilikuwa linawaka, sikusikia. Mke wangu alisikia. Ametoa watu thelathini na mmoja kwa dakika zile ulizompa. Nimewaona. Yule mama anayeniachia mboga mlangoni, nikidhani ananionea huruma, yumo. Muuza mkaa yumo, alikuwa mdogo." Sauti yake ilikwaruza. "Ungesubiri simu, wasingekuwepo hata mmoja. Nimekuja kukushukuru. Na hayo mengine, nimekosa."

Mhavile alikaa yeye kwenye kigoda alichokuwa amemfutia mgeni. Akajifuta grisi mikononi.

"Umesimama juani," alisema. "Nikuletee maji unywe."

*

Ijumaa ukumbi wa Baraza ulijaa, maana watu walisikia kwamba mzee wa kadi amekuja na mfuko mkubwa. Mwenyekiti alikuwa Mama Ndimbo, mwanamke wa miwani mizito. Kulia kwake alikaa mwanasheria wa Mamlaka, na kushoto Msomaji.

Chengula alitoa kadi ya uzi mwekundu. Msomaji akaifungua mara moja, kwa furaha, kana kwamba hajawahi kumkataa. Maji yakaja. King'ora kikafuata. Ukumbi ukavuma, na mwanasheria akaanza kujikuna shingo.

Hapo angeweza kukaa. Alijua hivyo. Jina lilikuwa limeshafutika nusu.

"Mama Mwenyekiti, naomba mrudishe dakika ya tisa," alisema, akafungua mfuko. Akatoa sinia na upawa, akalipiga mara moja kwa mkono mzima. Watu walishtuka, mtoto akalia mlangoni. "Hivyo ndivyo linavyolia. Ni hilo hilo lililo kwenye picha. Sasa isikilizeni mashine yenu."

Kwenye skrini mkono wa Veridiana ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka. Kimya. Hata aliyekuwa anakohoa aliacha.

"Msomaji," Mama Ndimbo aliuliza, "mbona silisikii hilo sinia?"

"Mkanda ni sahihi," alisema Msomaji.

"Mimi naona mkono na sisikii sinia."

"Mkanda ni sahihi. Asante kwa uvumilivu wako."

Chengula alitoa kadi ya pili akataja mashine iliyoisahihisha, na mwanasheria akasimama kupinga kwamba mashine hiyo haina kibali, kwamba sheria iko wazi. Mama Ndimbo alivua miwani. "Sheria iliwekwa ili tusidanganywe na picha. Leta hiyo kadi ya pili, na mwenye mashine yake aje aieleze."

Tumpe alieleza habari ya fremu na saa zake kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni na baadaye haikutetemeka. Kadi ya pili ikachezwa hadi mwisho. Walipoona droni inawasukuma watu kilimani, mama mmoja wa makamo kwenye benchi la nyuma alisimama polepole, akajishika mdomo, akabaki amesimama.

Wa kwanza kuongea alikuwa mwanasheria. "Basi imethibitika. King'ora kililia. Mamlaka ilisema kweli tangu mwanzo."

"Kililia," Chengula alisema, "kwa sababu huyu hapa hakuwasikiliza ninyi." Akamnyooshea Mhavile kidole, kidole kile kile cha miaka yote. "Miaka kumi na moja nimesema alilala. Nilisema uongo bila kujua. Leo mbele yenu naufuta. Simameni mumuulize nani alimwambia asubiri, na safari hii mwandike."

Walimwuliza. Wakaandika. Mwanasheria alipotaka kuondoka mapema, Mama Ndimbo alimwomba akae, kwa upole wa kutisha.

Kisha akavuta orodha ya waliokaidi, akashika kalamu. "Namba tisa. Baraza linalifuta jina la marehemu Veridiana Mlowe, na linaomba radhi."

"Lisifutwe, mama."

"Mzee, si ndicho ulichokuja kutaka?"

"Ndicho." Chengula aliitazama orodha. "Lakini nimemwona. Aliambiwa akimbie, njia anaijua, muda anao, akakataa. Yule alikaidi kweli. Alikuwa hivyo tangu namposa. Mwacheni hapo hapo. Mbele ya jina andikeni kwa nini."

"Niandike vipi?"

"Kwenye picha wamepanda thelathini na mmoja. Andikeni majina yao, wote, hata ikijaa karatasi. Na hao kumi na watatu wengine, msiache hivyo. Tafuteni na wao walikuwa wanafanya nini."

Kazi hiyo ilimaliza mchana. Karani wa dirisha la sita ndiye aliyeandika, na waliokuwepo ukumbini walijitaja wenyewe, mmoja mmoja. Chengula, kwa kuwa kusoma kulimshinda, aliomba asomewe mpaka mwisho, akamshukuru. Safari hii neno lilitoka bila kukwaruza.

Jua lilikuwa linashuka walipofika nyumbani kwake, yeye, Mhavile na Tumpe. Alipika mwenyewe wali na maharage, mwingi kuliko sufuria ilivyozoea. Alipokuwa analiosha sinia, vidole vyake vilipita kwenye vile vibonyeo vya katikati. Siku zote alijua ni maji yaliyolibonyeza, maji na senyenge. Sasa akachukua upawa akauweka juu ya kibonyeo kimoja. Ukaenea. Akauweka kwenye cha pili. Ukaenea.

Akapakua, akaliweka mkekani katikati yao watatu.

"Sinia lako limebonyea," alisema Mhavile akinawa mikono. "Mchuzi wote unakimbilia huku kwa binti."

"Uache ukimbilie," Chengula alisema, akamsogezea tonge. "Kula, ndugu yangu. Kula."